Nyimbo za Likizo Kubwa Kamina

Mara nyingi katika kurasa hizi twasoma habari za ndoa, za shamba, za malezi ya watoto. Leo nataka kuongea nanyi juu ya likizo kubwa, ile tunayoiita vakansi, tangu shule zifungwe mwanzoni mwa Julai hata zifunguliwe mwezi wa Septemba. Mwingine atasema: "Likizo ina neno gani la kuandikwa?" Ngoja kidogo, ndugu. Mwaka huu likizo karibu ituvunjie parokia.

Mimi ni katekista hapa Kamina. Nilisoma seminari ndogo, kisha falsafa miaka miwili katika seminari kuu, ndipo nikaona wazi kwamba njia yangu ni ndoa. Nikarudi nyumbani, nikaoa, nikapewa kazi ya mafundisho. Sasa nina miaka 36 na watoto wanne. Nasema hayo ili mjue kwamba mimi si mtaalamu wa muziki. Noti nilifundishwa kidogo seminarini, na sauti yangu yafaa kuitia mbuzi.

Asiyeifahamu Kamina na ajue hivi: ni mji wa reli. Reli ya zamani ya B.C.K., iliyotoka Bukama na kufika Ilebo mwaka 1928, yapita hapa. Na tangu 1956 tawi jingine lakwenda Kabalo, kuelekea upande wa Ziwa Tanganyika. Atokaye Lubumbashi kwenda Kananga hupita kwetu, naye aendaye Kalemie hupita kwetu vilevile. Tangu 2015 tu makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, lakini usidhani kwamba mji wetu wafanana na Lubumbashi. Wakati wa kiangazi asubuhi ni baridi, watu hujifunika mablanketi hata sokoni, na mchana vumbi jekundu huingia hata katika bukari. Majani yamechomwa, mashamba yamelala. Mtoto aliyeshinda darasani mwaka mzima ghafula hana pa kwenda. Huenda kituoni kuuza maji na karanga kwa wasafiri. Na kama treni haikuja, nayo mwajua haiji kila siku, huketi juu ya reli na kujifunza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyeyaweka katika programu yake.

Kwa sababu hiyo, miaka minne iliyopita, tulianza michezo ya Jumamosi. Neno lenyewe ni dogo. Kila Jumamosi ya likizo, jua likipungua ukali, watoto na vijana hukusanyika katika uwanja nyuma ya kanisa. Wengine hujifunza nyimbo, wengine hutunga mchezo wa kuigiza, mama wazee hufundisha kusuka vikapu, na fundi mmoja wa seremala hufundisha kuchonga vijiko na vibao. Halafu tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, baada ya Misa na chakula, mji wote waitwa kuja kutazama. Nasema mji wote kwa sababu Waprotestanti huja, Wakimbangisti huja, na wasioingia kanisa lolote huja kwa wingi zaidi, maana hao hawakuchoshwa na mahubiri ya asubuhi.

Jukwaa hatuna. Tunatandika mikeka, tunafunga mabashi mawili kwenye miembe ili kuzuia vumbi, basi. Taa ni za betri. Kuhusu kulipa mlangoni, mwaka wa kwanza palikuwa na maneno mengi. Wengine katika kamati walisema: "Kitu cha bure hakiheshimiwi." Mimi nilikataa, na hata leo nakataa. Katika mji kama huu ukiweka franka mlangoni umewafukuza wale hasa uliotaka waje. Tukakubaliana kwamba kila nyumba italeta ilicho nacho: kikombe cha unga, karanga, mti mmoja wa kuni, kibuyu cha munkoyo. Mtu mmoja mwaka juzi alileta kiti. Alikileta, akakikalia, akaondoka nacho. Nasi tulihesabu kwamba ametoa.

Mwaka huu vijana walichagua kuigiza habari za Tobia. Nilifurahi, kwa maana katika Biblia hakuna hadithi iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wa reli: mzee kipofu, deni lililo mbali, kijana anayetumwa kwenda kulidai, safari, samaki mkubwa, msichana anayeogopwa kwa sababu waume zake wote wamekufa. Kila mama uwanjani aliijua familia hiyo. Samaki walimtengeneza kwa magunia matatu na ndani wakaingia vijana wawili, ambao walipigana hasa, si kwa kuigiza. Na kwa kuwa Maandiko yasema kwamba mbwa alifuatana na Tobia njiani, palikuwa na mtoto wa miaka saba aliyekuwa mbwa. Malaika Rafaeli alisema maneno mazuri sana lakini hakuna aliyemsikiliza, watu wote walikuwa wanamtazama mbwa.

Baadaye Padri wetu, aliyepata kukaa Ufaransa, alituambia jambo ambalo sikulijua. Huko kuna mji uitwao Avignon, mji usio mkubwa, ambamo mapapa walikaa tangu 1309 hata 1377. Nyumba yao ya mawe, kubwa kama ngome, ingaliko. Septemba 1947, vita vikiwa vimekwisha miaka miwili tu, mtu wa michezo jina lake Jean Vilar aliombwa kuleta mchezo katika uwanja wa nyumba hiyo. Akaleta mitatu: mmoja wa Shakespeare, mmoja wa kijana asiyejulikana bado, na wa tatu ulikuwa wa Paul Claudel, yule mwandishi Mkatoliki, nao ulisimulia habari za Tobia na Sara. Tangu mwaka uliofuata wakahamisha majira hadi Julai, na leo kila Julai watu wa mataifa mengi hufika huko. Hata ndugu yetu Faustin Linyekula wa Kisangani alicheza huko mwaka 2007 pamoja na wenzake. "Basi nao walianza na Tobia," mama mmoja akasema, "ila mbwa wetu ni bora." Sina la kuongeza.

Sasa nifike penye neno lenyewe.

Miongoni mwa watoto wetu wa Jumamosi yumo msichana wa miaka 12. Familia yake ilifika mwaka jana kwa treni kutoka Mwene-Ditu. Wanakaa nyumba ya kupanga pamoja na bibi yao, mama mzee mwembamba mwenye sauti nzito kama ya mwanaume. Bibi huyo alimfundisha mjukuu wake wimbo wa kuchezea ngoma, wa Kasai, wenye mwimbishaji mmoja na wengine wakiitikia. Msichana aliuimba siku moja tulipokuwa tunapumzika. Watoto wengine waliuitikia bila kufundishwa, mara mbili, mara tatu, na mpiga ngoma wetu akaupata mwendo wake kabla hata sijageuka. Nikasema: "Wimbo huu tutauweka tarehe 15."

Jumamosi iliyofuata baba mmoja alifika katikati ya mazoezi. Alisimama kando akisikiliza hata mwisho. Kisha akaniita.

"Mwalimu, huyu mtoto anaimba nini?"

"Anaimba wimbo wa nkambo wake, Baba."

"Wimbo wa Kasai."

"Ndiyo, Baba, wa Kasai."

"Na binti yangu mimi, naye anaitikia?"

"Wote wanaitikia. Wimbo wenyewe ndivyo ulivyo."

Akamshika binti yake mkono. "Basi leo amekwisha kuitikia." Wakaenda zao. Siku ile ile baba wengine wawili waliwaita watoto wao.

Msifikiri kwamba huyu baba ni mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetengeneza milango ya kanisa letu bila kudai hata msumari. Ana mkokoteni wa kubebea mizigo, na kazi hiyo ndiyo inayowalisha watoto wake. Siku ya Alhamisi kamati ilikutana, naye akaja, akaomba kusema, akasema akiwa amesimama.

"Padri, Mwalimu, wazee, niwieni radhi. Treni ikija mabehewa yamejaa. Wanashuka na vifurushi vyao. Kubeba mizigo sokoni, ni wao. Kuuza makala, ni wao. Zamani safari moja ya mkokoteni ililipwa vizuri, leo wao wanakubali nusu, na mimi nifanye nini? Sikusema kitu. Sasa hata siku ya Mama Maria, wimbo ni wao. Sisi wenye inchi tutaimba lini?"

Watu wawili watatu wakapiga vigelegele vya chini chini. Wengine wakatazama sakafu. Padri akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyeuchagua wimbo.

Hapa sharti niwaambie wasomaji jambo la nyumbani mwangu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikuweza kujibu upesi. Baba yangu alikuwa Muluba wa Katanga, mfanya kazi wa reli. Mama yangu ni mtu wa Kasai. Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Likasi, Kolwezi na miji mingine, sisi tulikuwa Likasi. Nilikuwa na miaka mitatu au minne, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyapokea kwa wakubwa. Watu walilala vituoni majuma na miezi wakingoja treni za kuwapeleka upande wa Kasai, na wengi walikufa pale pale au njiani, hasa watoto. Dada mkubwa wa baba yangu alileta mkeka wake akalala mlangoni petu usiku baada ya usiku. Vijana walipokuja kuuliza, aliwaambia: "Mke wa ndugu yangu haendi popote." Kisha baba akahamishiwa Kamina, nasi tukapona.

Mama alibaki. Lakini tangu hapo hakuimba tena nyimbo za kwao mahali pa watu. Aliziimba jikoni, usiku, kwa sauti ya kunong'ona. Mimi nilikua nikidhani kwamba nyimbo za Kasai ndivyo zilivyo, kwamba ni nyimbo za kuimbwa polepole. Siku ile msichana wa miaka 12 alipofungua kinywa uwanjani, kwa nguvu zake zote, niliutambua wimbo. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote, wala sikujua kwamba watu huuchezea ngoma.

Hayo sikuyasema katika kamati. Nilitoa simu yangu mfukoni, nikaiweka mezani, nikawaomba wasikilize dakika chache.

Ilikuwa Missa Luba. Wengine wenu mmekwisha kuisikia, lakini najua ya kuwa vijana wengi wa mji huu hawajui hata kwamba ilizaliwa hapa. Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipewa kuiongoza shule kuu ya Kamina. Aliunda kundi la waimbaji, wavulana yapata 45 wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu yapata 15, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kuanzia 1957 walianza kuitengeneza Misa kwa maneno ya Kilatini na sauti za kwetu. Hawakuandikiwa noti. Walijaribu, wakabuni, wakaacha, wakashika, mpaka ikakaa. Iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958, miaka mitano na zaidi kabla Mtaguso wa pili wa Vatikano haujatoa, Desemba 1963, hati yake juu ya liturujia, inayotaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Kisha wakasafiri Ulaya, wakaimba katika Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sahani ikatolewa na nyumba ya Philips. Mwaka 1968 Sanctus yao ikawekwa katika filamu moja ya Kiingereza iitwayo If...., na watu wengi wasiojua Kamina iko wapi wakainunua.

Nilianza na Kyrie. Hiyo yafuata namna ya kasala, wimbo wa maombolezo, na wazee waliinamisha vichwa papo hapo. Kisha Sanctus, inayokwenda kwa upole kama wimbo wa kuagana na msafiri. Kisha ngoma zikaingia kwa Hosanna, na chini ya meza miguu ikaanza kufanya kazi yake. Sikuitazama miguu ya yule baba, kwa adabu. Nikazima.

"Baba," nikamwambia, "mwendo huu wa ngoma ya Hosanna umetoka Kasai. Na Agnus Dei inayokuja nyuma yake imetokana na wimbo wa Bena Lulua. Misa iliyolipeleka jina la Kamina duniani ina nyimbo za kwenu na nyimbo za kwao ndani yake. Ukiwaondoa wao, hakuna Hosanna."

Nilidhani neno limekwisha. Lakini yule baba si mjinga. Alifikiri kidogo, akajibu: "Mwalimu, hao walikuwa chini ya mzungu. Mzungu aliwachukua watu huku na huku akawachanganya kama apendavyo, kwa kazi yake na reli yake. Hatukuulizwa. Unataka nishukuru?"

Jibu hilo lilininyamazisha, na hata sasa nalifikiri, kwa kuwa lina ukweli mwingi. Ni kweli kwamba kampuni ziliwaleta watu wa Kasai katika Katanga kwa treni, kwa faida ya kampuni. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi sifa ya Misa ile ilikwenda kwanza kwa Padri, ambaye jina lake laandikwa juu ya sahani. Jina la mwimbishaji, mwalimu Joachim Ngoi, limeandikwa nalo, lakini wale wavulana, wengi wao, nani atatutajia leo? Na mwaka ule ule wa 1958 walipokuwa wakishangiliwa Ulaya, katika Maonyesho Makubwa ya Brussels palijengwa kijiji cha Wakongo, mafundi wa mikono na jamaa zao, watu wakiwatazama ng'ambo ya uzio. Wageni wengine waliwatukana na kuwatupia ndizi kama nyama wa msituni, hata mwezi wa Julai wale mafundi wakakataa, wakarudi nyumbani. Ulaya ile ile, kiangazi kile kile: huku makofi kwa sauti zetu, kule ndizi. Mwenye kusema kwamba mambo ya wazungu hayakuwa ya kushukuriwa yote, simpingi.

Lakini nilimwambia hivi, na nilisema polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Baba, reli ilikuwa yao. Kwa maneno hayo umesema haki. Lakini wimbo hakuwaamuru mtu. Mzungu hakujua kasala. Hakujua wimbo wa Bena Lulua. Walimu na watoto ndio walioketi pamoja, huyu akatoa cha mama yake, yule akatoa cha mama yake. Walikuwa na uwezo wa kunyimana."

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akacheka. Alizaliwa 1946 na alikuwa mwanafunzi hapa siku zile. "Mimi sikuchaguliwa," akasema. "Sauti yangu ilikuwa mbaya tangu tumboni. Lakini wenzangu walipofanya mazoezi, sisi tusiochaguliwa tulikaa nje ya ukuta tukaimba yote. Waliposafiri Ulaya, sisi tuliobaki tuliimba Misa nzima tukichunga mbuzi wa misioni. Tulikuwa na mtoto wa Luluabourg kati yetu, tukamlazimisha atufundishe jinsi ya kucheza ile Hosanna, maana sisi tulikuwa tunaicheza vibaya." Akasimama, mzee wa umri ule, akatuonyesha kwa mabega. Kamati ilipoteza heshima yake yote kwa dakika moja nzima.

Padri alikata shauri: wimbo utabaki, na kila jamaa yenye wimbo wa kwao iulete. Akamwomba yule baba kwa jina atufundishe wimbo wa wavuvi wa maziwa ya Upemba, kwa maana babu zake walikuwa wapiga makasia huko na kila mtu mjini ajua kwamba yeye anazijua nyimbo hizo. Alikataa. Hakukataa kwa hasira, alisema tu: "Si mwaka huu, Padri." Akaaga, akatoka.

Tarehe 15 ilifika. Misa, chakula, halafu uwanja. Watu walikuwa wengi hata wengine walipanda miembe, na bashi moja likapasuka. Tobia alisahau maneno yake mara mbili na mama yake akayasema kwa sauti kutoka penye mikeka. Samaki alikufa vizuri. Mbwa nimekwisha kuwaeleza. Baada yake wakaja wanawake wa jumuiya ndogo ya kituoni, wakaimba wimbo wa kutwanga, na michi mitatu kweli mikononi.

Kisha wimbo wa msichana. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na alisimama mbele ya watu wote kama mtu aliyesimama mbele ya treni. Kwa muda hakuna sauti. Bibi yake, kutoka nyuma, akampa noti ya kwanza, moja tu, nzito. Basi mtoto akaanza. Waitikiaji walikuwa pungufu watatu na nafasi zao zilionekana, kwa kuwa watoto wenzao walikuwa wameziacha wazi bila kuambiwa na mtu.

Nilikuwa karibu na uzio wa upande wa barabara, nikiwazuia watoto wasiangushe mabati. Ng'ambo ya uzio palikuwa na mkokoteni. Juu ya mkokoteni ameketi yule binti aliyeondolewa, na baba yake ameushika mkono wa mkokoteni kama anayetaka kuendelea na safari. Ngoma zilipokolea, binti akaanza kuitikia, kwanza kwa midomo, halafu kwa sauti. Baba hakumnyamazisha. Hakuingia pia. Walikaa pale hata wimbo ukaisha, mara zote nne tulizoombwa kuurudia, kisha akausukuma mkokoteni wakaenda. Sikumsalimu, kwa kuwa niliona hataki kuonekana, na mtu asiyetaka kuonekana apewe ruhusa hiyo.

Mama yangu alikuwa ameketi mkeka wa mbele pamoja na mama wazee. Wengi mtaniuliza kama naye aliimba. Aliitikia, ndiyo. Lakini aliitikia kwa sauti ile ile ya jikoni, hata jirani yake akamwambia: "Mama, ongeza, hatukusikii." Akatikisa kichwa, akaendelea vile vile. Miaka 30 na zaidi ni mingi kwa koo la mtu.

Sasa shule zimefunguliwa. Watoto wawili kati ya wale watatu wamerudi katika kwaya ya Jumapili; wa tatu, binti wa mkokoteni, huja mafundisho lakini kwaya bado. Ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka usiku ule wa tarehe 15, na mwenye kuwa na ngozi nzuri ya mbuzi, iliyokauka vizuri, asiyetaka bei ya kutuua, na afike nyumba ya makatekista baada ya Misa ya pili.

Bibi wa msichana amerudi Mwene-Ditu kwa treni kumtazama mwanawe mgonjwa. Siku mbili kabla ya kuondoka alinitafuta, akaniambia niwashe simu, akaimba nyimbo nyingine mbili mfululizo bila kuketi. Ya kwanza ni ya kumbembeleza mtoto. Ya pili ina maneno ambayo mimi siyaelewi. Mama yangu asema ni wimbo wa harusi. Jirani yetu, mama wa Ngandajika, asema sivyo, ni wimbo wa kumdhihaki mkwe mvivu, na kwamba mama yangu amesahau luga yake. Wamekwisha kubishana juu yake Jumapili tatu, barazani, mchana kweupe, kila mmoja akiuimba namna yake ili kumshinda mwenzake.